Mshono Mwekundu Kwenye Kofia za Pama

Mvua ilipokatisha mnada wa Ilongero, wazee walikimbilia kwenye kibanda cha chai wakiwa na michirizi myeusi usoni, kutoka kwenye paji hadi kidevuni. Kofia walizovaa zilikuwa na alama yangu.

Kofia hizo za pama, zenye kingo pana, zilianza kutufikia biashara ya nje ilipofunguliwa na marobota ya mitumba yakaingia Singida mjini. Zilikuwa za sufu nene iliyoshindiliwa, zimepauka na kubonyea. Mimi na rafiki yangu, niliyekua naye Mwankoko, tulizichukua wakati hakuna aliyezitaka. Tulizichemsha kwenye rangi nyeusi, tukazivalisha vibuyu vikavu ili zirudie umbo, tukapunguza kingo na kuzungushia ukanda wa ngozi ya mbuzi. Kazi yote ilitegemea ukwaju. Bila maji ya ukwaju kwenye sufuria, rangi ile haikushika. Ilikaa juu juu tu. Lakini ukwaju ulitaka moto mdogo na kungoja, na rafiki yangu hakupenda kungoja.

Tulipoachana akafungua meza yake, tulikubaliana kwamba alama ibaki kwangu. Ilikuwa mshono mdogo mwekundu kwenye ukanda. Wafugaji waliutafuta kwanza, ndipo waulize bei.

Siku ile ya mvua mzee mmoja aliniita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hebu niangalie vizuri. Mimi ni mtu au sufuria?"

"Sufuria, tena la msibani," mwenzake akadakia, na kibanda kizima kikacheka.

Mzee hakucheka. Alivua kofia akaniwekea mkononi. "Nilikuwa naenda nayo kwenye posa ya mjukuu wangu."

"Hii sikuipika mimi, babu."

"Na alama ni ya nani?"

Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya rafiki yangu. Hakukana. Alikuwa anakung'uta maji kwenye turubai.

"Soko huria, ndugu yangu. Kila mtu na jiko lake."

"Na alama?"

"Uzi mwekundu uko kila duka."

Nyumbani nilikata ukanda wa kofia ya mzee. Alama zangu zote alizishona dada yangu. Hakuwa mtu wa kupiga fundo. Uzi aliurudisha chini ya ngozi akaufungia huko, mahali ambapo huoni mpaka ukate. Rafiki yangu hakuwahi kushika sindano. Ndani ya kofia ile, uzi ulikuwa umerudishwa chini ya ngozi.

Dada aliingia akaikuta imefumuliwa mapajani mwangu. Aliitazama kidogo, akaniuliza kama nimekula.

Minada iliyofuata wafugaji waliipita meza yangu bila hata kuinama, na mwishowe niliacha kuipanga. Kofia ya mzee ningali nayo. Dada bado anaishi Mwankoko, na nikimtembelea hunipikia vizuri. Hajawahi kuniambia nani alimletea ukanda ule ashone, wala kama alijua unakwenda wapi.