Ukuta Tulioumwagilia Maji

Baba alikuwa Mkenya aliyekuja Kampala kufuata kazi ya reli, mama alikuwa wa hapa hapa, na nyumba waliyotuachia mtaani Nateete iliwazidi umri wote wawili. Waliinunua ikiwa kuukuu tayari. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, na juu yake lipu nyembamba ya saruji. Walipofariki, mama akimfuata baba kabla mwaka haujaisha, niliacha shule nikiwa kidato cha pili nikaanza kushona nguo barazani. Nilikuwa na wadogo watatu. Nilijiwekea mambo mawili: tutakaa pamoja, na nyumba itaendeshwa vile vile alivyoiendesha mama.

Wadogo zangu walilala chumba cha nyuma. Humo unyevu ulipanda ukutani hadi kiunoni, na nguo zilizotundikwa zilinuka kama uyoga. Wa mwisho alikohoa tangu mvua za Machi hadi za Oktoba. Kisha kona ikapasuka. Ufa ulianzia sakafuni ukapanda kama ngazi kufuata maungio ya matofali, mpaka kidole changu kikaweza kuingia.

Nilifanya walivyofanya majirani. Nilibandua lipu iliyolegea, nikapiga nyingine yenye saruji nyingi, nikapaka rangi ya mafuta. Ukuta uling'aa miezi mitatu, halafu rangi na lipu vikabanduka pamoja kama ukoko wa ugali. Nikarudia. Mara ya pili unyevu ulipanda juu zaidi.

Mwezi wa Desemba baba mdogo, ndugu yake baba, alikuja kutoka Kisumu kutujulia hali. Alisimama mbele ya ule ufa muda mrefu.

"Mwanangu," aliniambia, "sitaki kuja kuzika tena huku. Mvua za Machi zikikuta ukuta huu hivi ulivyo, nawachukua. Wawili kwa shangazi yenu, mmoja kwangu. Wewe utatafutiwa pa kukaa."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonitisha.

Karibu na soko kulikuwa na fundi Mkongo aliyekuwa akijenga duka, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nilimweleza shida yangu, akaja siku iliyofuata. Nilidhani ataukagua ufa. Aliutazama kidogo tu, akaomba kigoda, akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

"Fundi, ukuta uko ndani," nilimwambia.

"Najua, dada. Ndani ni kilio. Mimi natafuta mwenye kupiga mtoto."

Alikaa pale akitafuna muwa. Mara mdogo wangu wa kike akatoka na beseni la maji ya vyombo, akayamwaga kwenye shina la mgomba uliosimama karibu na ukuta. Baadaye kidogo mdogo wangu wa kiume akaja na maji aliyoogea, akamwaga pale pale.

"Weye, kijana," fundi akamwita, "munamwaga hapa kila siku?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni. Ukimwaga kwingine dada anakuchapa."

Fundi akanigeukia, akacheka mpaka kofia ikateleza. "Dada! Kumbe ni weye! Wengine wanafuga mbuzi, weye unafuga ukuta!"

Mimi sikucheka. Mgomba ule aliupanda mama, na agizo la maji lilikuwa lake: maji machafu yasitupwe njiani, upewe mgomba. Tangu alipofariki nililishika agizo hilo kuliko yeye mwenyewe alivyolishika. Wadogo zangu walikuwa watatu, na kila mmoja alimwaga mabeseni yake. Maganda ya ndizi na majivu tuliyarundika hapo hapo, mwaka baada ya mwaka.

Fundi aliona uso wangu, akaacha kucheka. Akachukua jembe, akachimba kidogo kando ya ukuta, akaniita nione. Ardhi ya nje ilikuwa imeinuka hadi kupita sakafu ya ndani kwa shubiri mbili. Matofali ya chini yalimeguka mkononi mwangu kama mkate uliolowa chai. Udongo uliokuwa umeyashika ulikuwa umerudi kuwa tope.

"Maji yanaingia huku," akasema. "Yanataka kutoka, lakini saruji yako na rangi yako vimefunga mlango. Basi yanapanda. Na kona inakaa juu ya tope, inashuka. Ukuta wako hauna kosa, dada. Ila mgomba hauwezi kubaki hapa."

Nilimwambia anipe siku mbili. Hakunisukuma. Siku ya pili nilikuwa barazani nashona, na kikohozi cha mdogo wetu kilinifikia kutoka chumba cha nyuma, mchana, jua likiwa kali nje. Niliacha nguo ya mteja kwenye cherehani nikachukua jembe. Nilianza kuchimba mwenyewe. Fundi alipofika alinionyesha jinsi ya kutenga machipukizi na mizizi yake, tukayahamishia mwisho wa kiwanja, mteremkoni.

Kazi iliyofuata ilichukua wiki nyingi. Tulishusha ardhi mpaka msingi ukaonekana. Fundi aliegemeza nguzo za mkaratusi kwenye kona, akachimba chini ya ukuta kipande cha urefu wa mkono, akajaza mawe na zege, akakiacha kikauke, ndipo akaenda kipande kingine mbali na kile.

"Ukimng'oa mtu meno yote siku moja, atakula nini?" alimwambia mdogo wangu wa kiume, aliyetaka tumalize upesi.

Tulichimba mfereji wa kupeleka maji mbali. Lipu yote ya chini tuliibandua, ndani na nje, na ukuta ukakaa uchi huku madirisha yakiwa wazi. Kila asubuhi nilimuuliza kama tupige lipu, naye akajibu, "Bado unapumua." Ulipokauka aliziba ufa, akapiga lipu ya chokaa na mchanga, akanikataza rangi ya mafuta.

Nilimlipa kwa pesa kidogo na kwa kuwashonea watoto wake sare za shule. Alipomaliza alipata kazi Kawempe, na sikumwona tena. Ninamshukuru kwa ukuta, lakini zaidi kwa zile siku mbili alizonipa bila kuninyanyasa. Angeweza kuukata mgomba nikiwa sokoni. Na angeweza kuwaambia wadogo zangu kwamba ni mimi niliyeibomoa nyumba yao. Aliwaambia ni maji.

Baba mdogo alirudi wiki ya pili ya mvua za Machi, akiwa na mifuko miwili mikubwa ya safari, mitupu. Aliingia chumba cha nyuma bila kuvua viatu. Alisogeza kitanda, akainama, akapitisha kiganja chini kabisa ukutani, akakitazama. Akakipitisha tena. Nje mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu. Alikaa kitandani.

"Sasa shangazi yenu nitamwambia nini?" akauliza. "Ameshatandika vitanda viwili."

"Mwambie avitandue," akasema mdogo wetu wa mwisho.

Nilitaka kumkemea kwa utovu wa adabu, lakini baba mdogo alikuwa ameanza kucheka, akakunja mifuko yake na kuuliza kama kuna chai.