Sahani ya Baba na Mchina wa Barabarani

Baba alifundisha Unguja ujanani, akarudi Arusha na vitu viwili: malaria na sahani ya bluu yenye maua. Malaria ilipona. Sahani ikapewa ukuta wa sebule yetu pale Sakina, juu ya picha ya harusi yao.

Kila mgeni alihutubiwa. Kwamba zamani vyombo vya Wachina vilifika visiwani, watu wa kule wakavipachika kwenye kuta za misikiti na makaburi. "Sisi Wameru wakati huo," alimalizia, "tulikuwa tunakula kwenye jani la mgomba!" Wageni waliitikia, chai ikipoa.

Wachina walipokuja kutengeneza barabara ya mtaani, msimamizi wao mmoja, kijana, akawa mteja wa maziwa ya mama. Baba alimvizia. Jumamosi moja akamwingiza ndani, akamkalisha mkabala na sahani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ile unaitambua?"

Kijana aliitazama, akaomba aishike. Mimi na miaka yangu arobaini sijawahi kuruhusiwa kuigusa. Baba akapanda stuli, akaiteremsha mwenyewe. Kijana akaigeuza.

"Mzee, huku nyuma pameandikwa Holland."

Mama alisimama mlangoni na jagi lake.

"Hayo ni maandishi ya mwenye duka," baba akasema.

"Wazungu waliiga zetu, wakaenda kuuza Zanzibar. Lakini ni nzuri." Kisha kijana akaonyesha mezani. "Ile chupa ya chai ndiyo ya kwetu. Bibi yangu anayo, maua yaleyale."

Akayagusa maua hayo kwa kidole. Mama akammiminia chai bila kumuuliza kama anataka, akamwongezea sukari kama anavyotuongezea sisi tukiumwa. Baba hakuitazama chupa hata mara moja. Imetunywesha chai tangu nizaliwe, ila haijawahi kupata hata msumari wake ukutani.

Mgeni alipoondoka, baba alisema vijana wa siku hizi hawajui historia ya kwao. Sahani ikarudi juu. Niliona aibu kwa niaba yake, nikadhani hotuba imekufa.

Jumapili wakaja wazee wa usharika. Baba akakohoa kidogo.

"Sahani hii," akaanza, "Mchina mwenyewe, wa Uchina kabisa, jana alikaa hapo ulipokaa, akaniomba aishike."

Wazee wakaguna kwa heshima. Mama alikimbilia jikoni, nikamsikia akicheka peke yake.