Goti Lisilokunjika

Wanaoniona leo nikichechemea sokoni Sumbawanga hudhani ni uzee. Uzee gani! Goti hili liliuawa Dar es Salaam nikiwa kijana, mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Mpira wa kikapu niliuanzia Kaengesa, shuleni kwa mapadri, kwa sababu tu nilikuwa mrefu kuliko mlango wa darasa. Shirika moja la umma likanichukua. Kwenye karatasi nilikuwa karani. Kazi yenyewe ilikuwa kufunga vikapu. Nilikula vizuri, nikapigwa picha, nikajiona mtu. Halafu goti likateguka. Kiongozi wa timu akaamuru nichomwe sindano ya ganzi nirudi uwanjani, maana ilikuwa fainali. Nikarudi, mjinga mimi. Tulishinda. Baada ya hapo goti halikukunjika tena, na ukarani wangu nao ukaishia hapo. Asante yao ilikuwa tiketi ya kurudi kwetu.

Kwetu nako hakukuwapo. Watu walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara ya Matai, nyumba zimepangwa mistari. Baba yangu alikuwa ameacha shamba lake la matuta na makaburi ya wazee wake, na tangu hapo hakuwa mtu wa kuchekacheka. Nilimkuta barazani na wenzake.

Sisi Wafipa, mtoto humsalimu mzee amechuchumaa, anapiga makofi taratibu, mpaka aitikiwe. Mimi nilisimama kama nguzo ya simu, suruali ya mjini imepigwa pasi, nikasema, "Shikamoo, baba." Goti lilikuwa linawaka moto. Wazee wale walikwisha kusikia kwamba mtoto wao anatamba Dar. Kuwaambia kwamba nimerudi kilema, sikuweza. Niliona aibu.

Na maofisa waliokuja na malori kuwahamisha, nao walikuwa wamesalimia hivyohivyo, wamesimama.

Baba akaniangalia kuanzia viatu hadi kichwa. "Mpeni bwana mkubwa kiti," akasema. Hakuitikia.

Roho iliniuma, kisha nikakasirika. Mtu nimetoka mbali, nimevunjika, halafu nasimangwa! Nikahamia kwa mjomba, upande wa pili wa kijiji, nikaapa sikanyagi pale mpaka aniite. Tulionana shambani, tulionana mikutanoni, kila mmoja akatazama pembeni. Masika yakapita, yakaja mengine. Kisha kifua kikambana baba, akafa kabla hata sijapata habari kwamba anaumwa.

Matanga yalipoisha, mama akanikalisha jikoni.

"Goti lako nililiona siku ileile ulipoingia," akasema. "Nikamwambia. Alilia, baba yako."

"Sasa mbona hakuniita?"

"Angekuitaje, mwanangu? Mzee anaanzaje yeye kumsalimu mtoto? Kila jioni alikaa barazani anakusubiri. Alisema hata ukija ukakaa chini tu, kama mtoto mchanga, atakuitikia."

Kukaa chini! Miaka yote ile jambo hilo wala halikunipitia kichwani.

Nilitoka nikaenda makaburini, pale karibu na barabara. Nikaketi kwenye udongo, mguu nimeunyoosha mbele, nikapiga makofi taratibu. Goti halikuniuma hata kidogo.