Kahawa ya Mwenye Bunduki

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki kusubiri zipoe. Nimesubiri mambo mengi yawe sawasawa kabla sijayafungulia mdomo, na ndiyo maana niko hapa.

Nilitaka kitu kimoja tu: kukaa kwenye kituo changu, pale mwindaji anapomngojea mnyama, na bunduki yangu, msimu wa kuwinda älg, yule mnyama wa misitu ya huku anayemzidi farasi kimo, mwenye pua ndefu ya huzuni. Kikundi cha wawindaji nje kidogo ya Stockholm kilikuwa kimeshanipokea, lakini kama mswagaji. Kazi ya mswagaji ni kupita msituni akipiga makelele ili wanyama wakimbilie kwa wenye bunduki. Msichana mweusi peke yangu, matope hadi magotini, napiga makofi na kuita "hoo, hoo". Nyama nilipewa. Heshima pia nadhani nilipewa, ila ile anayopewa mtu wa makofi.

Kiongozi wao ni mwanamume wa makamo anayeleta baiskeli zake kwenye karakana ninayofanyia kazi. Aliniambia nikifaulu mtihani wa uwindaji, nikapata bunduki na leseni, basi Jumapili ya mazoezi kabla ya msimu niwaoneshe kwamba risasi zangu zinafika ninakozituma. Nikiweza, nitapewa kituo. Nikishindwa, makofi.

Mimi najifundisha kila kitu mwenyewe. Baiskeli nilijifunza kwa kuzifungua na kulia. Kulenga nilijifunza kwa mpini wa ufagio, ndani ya fleti yangu mtaa wa Bredäng, mapazia nimefunga, kwa sababu mtu wa rangi yangu akionekana dirishani na kitu kirefu begani hataulizwa kama ni ufagio. Kila siku nilirudia: bega, shavu, pumzi, kidole. Nikikosea pumzi, naanza upya. Nikiwa nimechoka, naanza upya kwa adhabu.

Mtihani nikafaulu, kisha nikapata tangazo la mzee mmoja kaskazini mwa jiji, anauza bunduki yake ya zamani pamoja na darubini ya kulengea iliyofungwa juu yake. Nilikwenda nimejiandaa. Begi langu lilikuwa na tochi ya kumulika ndani ya mtutu na seti ya bisibisi, na kichwani nilijua mpangilio wote: mtutu, kitako, kifyatulio, mwisho kabisa darubini, uishike kwa mkono uone kama inacheza.

Mzee alikuwa ameandaa meza. Kahawa, maandazi ya mdalasini, vikombe vyenye maua, vitambaa vimekunjwa pembetatu. Akasema kwanza tukae. Nikakaa. Nikala andazi, akaniongeza la pili, nikala. Akanisimulia kuhusu marehemu mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa mpishi wa maandazi hayo zamani.

Anayetoka kwetu Tanzania ameshaelewa nilikwama wapi. Mama yangu, anayeishi Hallunda na bado ananilea kwa simu, alinifundisha kwamba ukishakula kwa mtu umeshamwamini. Huwezi kumaliza chakula chake kisha ukaanza kugeuzageuza mali yake kama unatafuta mwizi. Kwa hiyo bunduki ilipowekwa mezani, niliipapasa kitako nikasema ni nzuri. Tochi ikabaki begini.

"Uwanja wa shabaha uko hapo nyuma tu," mzee akasema. "Twende ukapige risasi chache."

Nikasikia sauti yangu ikijibu, kwa Kiswidi kilichonyooka kabisa, "Hapana, hapana. Nakuamini."

Leseni ilipotoka polisi nilirudi kwa mzee kuichukua bunduki. Nilikunywa kahawa tena.

Jumapili ya mazoezi rafiki yangu alinipeleka kwa gari. Ni Mkenya wa Alby, muuguzi, haogopi mtu wala saa. Aliniangalia nikikagua viziba masikio vyangu kwa mara nyingine tena akasema, "Madam, hiyo kitu haitabadilika ukiiangalia."

Nililala kwenye mkeka. Bega, shavu, pumzi, kidole. Risasi ya kwanza ikapiga sehemu ya juu ya karatasi ya shabaha, kulia. Ya pili chini, kushoto. Ya tatu haikuonekana popote. Nilijua ni mimi. Sikuwaza kitu kingine hata kwa sekunde moja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: nikiwa na kitu kibovu mkononi, mbovu wa kwanza ninayemshuku ni mimi. Nikarekebisha kiwiko. Nikarekebisha pumzi. Nikapiga tena, zikatawanyika kama mtama umemwagika.

"Pumua taratibu," kiongozi akasema nyuma yangu.

"Bunduki imemzidi," mwanamume mwingine wa kikundi, mwenye tumbo kubwa, akasema kwa sauti ya kutosha. "Mpeni ile ndogo ya watoto."

Wawili watatu wakacheka. Rafiki yangu akatoa viziba masikio vyake akauliza kwa Kiswahili, "Huyo mwenye tumbo anasema nini?" Nikamwambia anasema nipumzike. Akasema, "Uso wake hausemi hivyo."

Kiongozi akaniomba alale yeye. Alipiga risasi tatu. Zake nazo zikatawanyika. Hapo kicheko kikaisha. Akainuka, akaishika darubini kwa vidole viwili na kuisukuma. Ikacheza. Ilicheza kama jino la mtoto.

"Hukuikagua?"

Mimi. Mimi ambaye mchana kutwa kazi yangu ni kukaza skrubu, ambaye nimewahi kumrudisha mteja dukani kwa sababu usukani wake ulilegea kiasi ambacho hakuna aliyekisikia ila mimi. Nikatoa bisibisi zangu, nikafungua. Skrubu zilitoka bila kugoma, na chini yake kulikuwa na gundi. Gundi ya njano, kavu, imejazwa kwenye matundu ya skrubu yaliyolika. Mtu aliona, akajaza, akafuta vizuri ukingoni.

"Kwa nini hukuipiga kwanza kabla hujainunua?" kiongozi akauliza, na aliuliza kwa upole, maana alitaka kujua kweli.

Nilimjibu kwamba nilikuwa nimekunywa kahawa yake. Alinisubiri nimalizie. Kumbe nilikuwa nimemaliza.

Rafiki yangu ndiye aliyeshika kichwa. "Nyinyi Wabongo na hizo heshima zenu," akasema. "Mtu anakuuzia kifo na unamwambia shikamoo."

Nilikwenda pembeni, kwenye maegesho, nikampigia mzee. Nilikuwa nimepanga maneno. Akapokea kwa furaha, akaniuliza kama msimu umeanza. Nikamuuliza kuhusu gundi.

"Ah, ile," akasema. "Ililegea kidogo, nikaitia gundi. Kwangu ilishika. Lakini si nilikwambia tukaijaribu? Ulikataa mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Hakuna kitu kilichonikasirisha siku ile kama huo ukweli. Nilitaka awe mwongo kamili, nimchukie kwa starehe, na yeye alikuwa mzee aliyeficha kidogo na kunikaribisha sana. Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni "asante". Nilimshukuru. Nikakata simu nikapiga teke tairi la gari la rafiki yangu hadi mguu ukauma.

Niliporudi niling'oa darubini yote. Chini yake, juu ya mtutu, bunduki ilikuwa na alama zake za kulengea za zamani, za chuma, ambazo hakuna aliyezitumia kwa miaka. Kiongozi akasema angeweza kuniazima yake. Nikakataa kwa ukali ambao haukumstahili yeye.

Sikuhesabu pumzi. Nililenga kwa hasira, shavu halikukaa vizuri, kiwiko kiliteleza, na risasi zikaenda kifuani mwa älg wa mbao, shabaha nyingine ya uwanja ule. Si zote katikati. Kisha wakamwendesha kwenye reli zake, akapita mbio. Mara mbili nilimpata, mara moja nilimpiga mgongoni, mahali ambapo mnyama wa kweli angekimbia na kuteseka. Nilikaa mkekani nikilitazama tundu hilo.

"Mnyama akiwa karibu, unatosha," kiongozi akasema. "Mbali, hapana, si bila darubini. Nitakupa kituo cha kwenye kinamasi. Miti imeshonana pale, kila kitu kinatokea mbele ya pua."

Kituo ambacho hakuna anayekitaka. Najua, kwa sababu nimekipita nikipiga makofi, na aliyekuwa amekaa pale siku hiyo alikuwa amekunja uso. Wote walinitazama, wakingoja nifurahi. Mate ya "asante" yalishanijaa mdomoni.

"Nataka kukiona kwanza," nikasema. "Nikae pale, nione naweza kupiga wapi na wapi siwezi. Ndipo nikujibu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Kiongozi akaangalia anga, akachukua funguo zake. Rafiki yangu akaguna kwamba yeye ana njaa na viatu vyake si vya kinamasi, kisha akatangulia garini.