Kipimahewa cha Dympna

Dympna aligonga kioo cha kipimahewa jikoni, kama alivyofanya mama yake kila asubuhi. Mshale ukashuka tena, dalili ya dhoruba. Kwenye simu, wenzake wa kundi la wapenda hali ya hewa walikuwa wakitaniana.

“Dhoruba itapita kusini, mama. Acha kutisha kuku!” aliandika Colman, mmoja wao.

“Wazee husema Machi huazima siku za Aprili ili aendelee kuleta dhoruba,” Dympna akajibu. “Hajamalizana nasi.”

Fintan, mumewe, alimwamini Colman. Maji yalipokupwa alivuka mchanga kwa miguu kwenda kisiwani, kuwaleta kondoo na wanakondoo.

Upepo ukageuka ghafla, ukavuma kutoka baharini. Dympna akakimbilia dirishani. Maji, ambayo yalipaswa kupwa hadi adhuhuri, yalikuwa yameshafunika nusu ya mchanga, na Fintan haonekani.

Simu ikalia. “Haya mama, umeshinda,” aliandika Colman.