Kamba ya Mkono wa Kushoto

Harufu ya maganda ya mgomba yaliyolowekwa hunirudisha kwetu Mugoma hata nikiwa mbali. Ni harufu ya maji yaliyotuama kidogo, na ya udongo, na najua wengi hawaipendi. Juzi pale Lusahunga, basi liliposimama tununue mahindi, nilimwona mzee akifunga gunia la viazi kwa kamba ya mgomba ambayo bado ilikuwa na unyevu. Nikasogea karibu, nikasimama tu. Kondakta akaniita mara mbili: "Dada, wewe unabaki?" Nilikuwa namkumbuka Mama Konsolata.

Alifika kwetu mwaka ule watu walipokuwa wakivuka kutoka Burundi kupitia Kabanga. Mimi nilikuwa darasa la tano. Wengi walipelekwa kambini, lakini yeye aliomba kibarua cha kupalilia migomba yetu, mama akampa kibanda cha nyuma ya nyumba, na miezi ikapita. Kihangaza chetu na Kirundi chake vinakaribiana sana, kwa hiyo siku ya pili tu alikwisha kumtania mama kwamba maharage yetu yamefiwa na chumvi. Jioni hakutania. Siku waliyokimbia, watu walisukumana kwenye kivuko cha mto, na binti yake Konsolata, mwenye miaka kumi na mmoja kama mimi, alishika mkono wa mtu mwingine akidhani ni wa mama yake. Tangu hapo hakumwona.

Akitoka shambani alikaa kwenye mkeka akisokota kamba. Alichana maganda makavu ya mgomba, akayaloweka kwenye karai, kisha akaviringisha nyuzi pajani kwa kiganja. Nilipenda kukaa hapo kwa sababu hakuniuliza maswali. Nilikuwa mtoto mwenye haya. Wageni wakija nilijificha nyuma ya kihenge cha mahindi. Darasani nilikuwa bado naandika wakati wenzangu wako nje wanacheza. Kaka yangu Deo alisema nikianza kuandika jina langu Jumatatu, padri atanikuta Jumapili nikiwa kwenye herufi ya mwisho.

Siku hizo kila Jumamosi gari lenye kipaza sauti lilizunguka kambini likisoma matangazo ya watu waliopoteana. Mtu aliandika karatasi, akaipeleka kwa mtendaji wa kata, nayo ikaenda. Mama Konsolata hakujua kusoma. Akaniomba mimi nimwandikie. Deo alikuwepo, lakini akaniomba mimi.

Niliandika siku mbili. Niliweka anwani upande wa kulia kama mwalimu alivyotufundisha, na tarehe chini yake. "Mpendwa Konsolata, salamu nyingi kama mchanga wa ziwani. Mimi mama yako ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Ukurasa mzima ukaenda hivyo. Mwishoni kabisa nikaandika kwamba yuko Mugoma na kwamba mwanawe aje. Deo aliusoma akasema, "Safi. Umesahau tu kumwomba ada ya shule."

Baada ya majuma mawili akaja msichana. Aliletwa na mwanamume mmoja wa kambini, wametembea tangu alfajiri, miguu yake imejaa vumbi hadi magotini. "Huyu ndiye Konsolata," mwanamume alisema kwa furaha. "Alisikia jina lake likitangazwa na mama anamtafuta." Mama Konsolata alisimama, kamba ikamdondoka mapajani. Akamtazama yule mtoto, na mtoto akamtazama yeye. Nilikuwa nyuma ya kihenge na niliziona nyuso zote mbili.

"Oya," Mama Konsolata akasema, yaani hapana. Akakaa. "Huyu ni Konsolata wa mtu mwingine."

Yule msichana hakulia. Alikula ugali wetu polepole, akalala kwetu, na asubuhi Mama Konsolata akamfungia kifurushi cha ndizi kwa kamba yake mpya kabisa, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi nilitoka mafichoni. Nilitaka kusema pole, nikasema, "Ni barua yangu."

Hakubisha. Alinipa uzi mmoja wa mgomba, akasema nivute. Ukakatika. Akanipa mwingine, akanionyesha kuuviringisha pajani mpaka ukakaza. Nilipouachia, ukajifumua wote mkononi mwangu.

"Sasa chukua nyuzi mbili," akasema. "Kila mmoja uuviringishe upande huu. Halafu zote pamoja, upande huu mwingine."

Nikafanya. Nikaiachia, ikatulia. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote, nikaikanyaga na kuivuta tena, haikukatika.

"Bado inataka kufumuka," alisema. "Lakini mmoja akitaka kufumuka anamkaza mwenzake. Maganda ni yale yale."

Alikuwa akinifundisha kamba tu. Nadhani alitaka mikono yangu ipate la kufanya. Kisha akacheka kidogo, kicheko chake cha kwanza tangu msichana yule aje. "Konsolata wangu nilimchoka. Mkono wake ni wa kushoto. Kamba yake yote inapindia upande usio wake. Ukitaka kuiunga na yangu, zinafumuana. Nimemgombeza, nimemgombeza, wapi!"

"Mama, mbona hukuniambia niliandike hilo?"

"Wewe uliniuliza? Ulikuwa na shughuli na hofu na mashaka."

Juma hilo mwalimu wetu wa sayansi alilaza karatasi juu ya vitabu viwili, akaweka kipande cha chaki katikati. Karatasi ikabonyea, chaki ikaanguka. Akaichukua karatasi ile ile, akaikunja mikunjo mikunjo kama bati, akairudisha, akaipandishia chaki moja, mbili, boksi zima. Darasa lilipiga makofi. Mimi sikupiga, nilikuwa nafikiria barua yangu. Nilikuwa nimeyalaza maneno yote, moja baada ya jingine, na kwa mtu anayesikiliza akiwa kwenye foleni ya maji lilibaki jina tu. Akina Konsolata ni wengi, wanaosokota kamba ni wengi, na wenye mkono wa kushoto wapo. Lakini ukiyafunga hayo matatu pamoja, yakabanana, anabaki mtoto mmoja.

Nikaandika upya. Sikuweka anwani wala salamu. "Konsolata unayesokota kamba kwa mkono wa kushoto, na mama yako akakugombeza: mama yuko Mugoma. Usije. Sokota kamba, uitume kwanza." Hilo la kutuma kamba nililitoa kichwani mwangu mwenyewe, kwa sababu sikutaka mtoto mwingine atembee tangu alfajiri kuja kuambiwa oya. Deo aliisoma, akageuza karatasi kuangalia nyuma. "Imeishia hapo?" Kisha akanirudishia bila mzaha, na kwa Deo hiyo ilikuwa sifa.

Kamba ya kwanza iliyokuja, Mama Konsolata aliigusa mara moja tu, akaiweka kando. Ilikuwa ya mkono wa kulia. Tukangoja. Mvua zikaanza, tukapanda maharage, na gari likaendelea kuzunguka kila Jumamosi.

Siku moja mchana utingo wa lori lililotoka upande wa Biharamulo alishuka njiani kwetu akiuliza, "Nani hapa anangoja kamba?" Alikuwa nayo mfukoni, fupi, ndefu kidogo kuliko kiganja. Mama Konsolata aliipokea bila kuitazama. Macho yake yalikuwa kwetu, vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vikitembea juu ya kamba, polepole, kama mimi ninavyosoma. Vilifika mwisho, vikarudi mwanzo. Kisha akaipeleka usoni, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu hadi utingo akaanza kuona aibu na kutazama matairi ya lori lake.

"Ego," akasema. Ndiyo.

Aliondoka na lori lile lile, na kwenye mkeka akaacha kamba iliyofika nusu. Kabla ya Krismasi dereva mwingine alituletea kifurushi kidogo. Ndani yake hamkuwa na barua. Kulikuwa na vipande viwili vya kamba, kimoja kimepindia kulia na kingine kushoto, vimefungwa fundo moja.

Bado naandika polepole. Nikimaliza sentensi huivuta kidogo, nione kama itafumuka. Lakini lile nililochelewa zaidi kulielewa ni la siku ya utingo. Kwa miaka mingi niliamini kwamba alipoipeleka kamba usoni alikuwa anaibusu. Mpaka juzi pale Lusahunga, niliposimama karibu na gunia la viazi na kuvuta pumzi. Msokoto ulikwisha kumwambia ni ya nani. Lakini kamba hukaa miaka, na aliyeisokota anaweza asiwepo. Alikuwa anainusa. Ilikuwa bado mbichi.