Galoni Moja ya Fundi Keraryo

Fundi Keraryo wa mtaa wa Kitaji, hapa Musoma, amezikwa mwezi uliopita, na pale msibani kila mtu alisimama akamsifu. Mimi nilikaa kimya, watu wakashangaa, maana wanajua Helena hanyamazi. Nilinyamaza kwa sababu mimi ndiye niliyemfungisha gereji yake, na jambo hilo huwezi kulisema mbele ya jeneza. Nalisema sasa.

Mwaka wa sabini na nne nilikuwa nesi wa akina mama na watoto. Watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, na kila kijiji kipya kilikuwa na wajawazito wake. Jumatatu naenda Kiriba, Alhamisi Butiama, wiki inayofuata vijiji vya upande wa Bunda. Miaka sita nilikuwaga naenda kwa baiskeli. Mzunguko wa Kiriba peke yake ulinila siku mbili, nikilala kwa mkunga mmoja anaitwa Nyangi, na nikirudi Musoma mapaja yanawaka moto. Kuna mama nilimkuta ameshazikwa. Hilo ndilo lililonifanya nitake gari, hata lingekuwa gari gani.

Basi nikapewa hilo gari. Mnunuzi mmoja wa pamba, mgeni, aliondoka Bunda akaiachia wilaya gari lake la mbio. Jamani, kile kitu! Jekundu, viti viwili, tumbo karibu ligonge ardhi. Injini yake ilikuwa imekufa, maana mwenyewe aliliendesha bila oili mpaka ikakamata. Wakubwa hawakulitaka. Nikaliomba mimi, wakacheka mpaka machozi, wakanipa.

Ndiyo nikampelekea Keraryo. Alikuwa mtu mrefu, mpole mpaka anaudhi. Ukimwuliza jambo, kwanza anafuta mikono, kidole kimoja kimoja, halafu ndiyo anajibu, na wewe umesimama hapo unachemka. Kazi alijifunzia kwenye mashine za kuchambua pamba huko Bunda, mashine za dizeli, na dizeli aliipenda kuliko chakula. Injini alikuwa anaisikiliza kwa bisibisi: ncha kwenye chuma, mpini sikioni, macho amefumba. Kama alisema ringi za pistoni zimekwisha, zimekwisha.

"Nesi," akaniambia, "ile injini yake imekufa, na hata ingekuwa hai ingekunywa petroli ya wilaya nzima. Ninayo pikapu ya Peugeot, ya dizeli. Ilipinduka, mwili umekwisha, injini haina hata mkwaruzo. Nakufungia hiyo na giaboksi yake."

"Dizeli kwenye gari la mbio? Umelogwa wewe?"

Akacheka taratibu. Akachukua baiskeli yangu, akaigeuza matairi juu. "Zungusha pedali. Ukiwa na meno madogo mbele, miguu inakimbia sana, baiskeli inakwenda kidogo. Ukiwa na meno makubwa, unakanyaga polepole, unakwenda mbali. Ni hivyo hivyo kwenye gari. Ile propela, chuma kirefu kinachotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma, kwenye pikapu inazunguka mara nne na kitu ndipo tairi lizunguke mara moja. Kwenye gari lako hili, difu, zile gia za nyuma zinazozungusha matairi, ni ndefu: propela inazunguka mara tatu na kitu tu. Petroli inapenda kukimbia. Dizeli inapenda kutembea. Mimi nitaipa dizeli difu ndefu, itembee. Kuanza kuondoka itakuwa nzito kama ng'ombe aliyeshiba, lakini ikishashika njia, itanusa mafuta tu."

Alifanya kazi wiki tano, na springi akaziinua, lisikwame kwenye njia za ng'ombe. Hata saa ya maili, ile ya kwenye dashibodi inayohesabu gari limekwenda umbali gani, alichukua ya pikapu na kebo yake, kwa sababu ile ya zamani kebo yake haikuingia kwenye giaboksi mpya. Siku tulipoliwasha, lilinguruma kama mashine ya kusaga, na mtaa mzima wa Kitaji ukatoka kuja kucheka. Mimi nilikaa ndani yake nikiringa.

Sasa mafuta yalikuwa shida mwaka ule, na ofisi ya wilaya ikatoa amri: gari lisilofika maili thelathini na tano kwa galoni moja liegeshwe yadi ya Bunda. Afisa usafirishaji alikuwa Stanislausi, mtu wa kanuni, si mtu mbaya. Akaja gereji akalizunguka gari.

"Hili litafika thelathini na tano?"

Keraryo akafuta vidole vyote kumi. "Litafika. Lisipofika, nafunga gereji."

"Fundi, usiape mbele ya huyu nesi," Stanislausi akamtania. "Huyu hasahau."

"Asisahau," Keraryo akajibu. "Nimesema."

Na mimi, kwa kumwamini, nikapita kote nikiwaambia akina mama: kuanzia sasa nitakuja kila wiki. Kila wiki!

Tulipima siku ya Jumatatu, kwenye mzunguko wangu wa Kiriba, wa kawaida kabisa. Stanislausi alitoa mafuta yote kwenye tangi, akamimina galoni moja, akasoma saa akaandika. Yeye na mimi ndani ya gari, Keraryo nyuma na pikipiki ya kuazima, amebeba debe la dizeli na spana. Huko hakuna jiwe hata moja la maili, ni njia za ng'ombe na mashamba. Nilipima akina mama kumi na wawili, tukazunguka vijiji vyote, tukashika njia ya kurudi. Gari likakohoa, likazima penye zizi la mzee Kwangu. Hapo kwa baiskeli nilikuwa nafika siku ya pili, maji ya chupa yameisha.

"Nesi, soma," Stanislausi akasema.

Nikasoma, nikatoa ile namba ya asubuhi. Thelathini na moja.

Nilisoma tena. Thelathini na moja ile ile. Stanislausi akaandika, akanipa kalamu nitie sahihi, nikatia. Keraryo akafika na pikipiki, akachungulia dirishani, akaiona namba. Akasema, "Haiwezekani."

Mori ukanipanda. Nikashuka nikampasulia pale pale, mbele ya afisa, mbele ya watoto wa mzee Kwangu na ng'ombe zao. "Tapeli wewe! Haiwezekani nini, namba si hii? Unanifutia vidole, unanigeuzia baiskeli, kumbe unanidanganya! Nimewaahidi watu! Mwanamke akifia huko Kiriba, nitamwambia aje akudai wewe!"

Yeye akaenda kwenye pikipiki akafungua debe. Akamimina dizeli, akalegeza nati, akasukuma ile pampu ndogo ya mkono mpaka hewa ikatoka yote kwenye mabomba, akaliwasha. Akaondoka na pikipiki bila kufuta vidole hata kimoja. Niliona, na nikaona vyema, ajifunze.

Kesho yake gereji ilikuwa imefungwa. Mkewe, Nyamburi, akaniambia kwa kifupi, bila kunikaribisha: ameng'oa kibao, amekwenda kisiwa cha Rukuba kutengeneza injini za mitumbwi. "Amesema alisema," akamaliza, akaingia ndani.

Nikalipeleka gari Bunda mwenyewe. Njia kuu, barabara nzuri, nalia na kutukana njia nzima. Pale getini kwenye yadi alikuwepo karani, mzee Burito, na kitabu kikubwa. Kila dereva anamwandikia saa yake ya maili ilisoma ngapi alipotoka na ngapi alipofika. Nikamtajia. Akatoa ndogo kwenye kubwa, akavua miwani, akaivaa tena.

"Binti, umetokea wapi?"

"Musoma, mzee."

"Musoma hapa ni maili arobaini na nne. Tazama kitabu: arobaini na nne, arobaini na nne, arobaini na nne. Miaka minane naandika. Wewe umeleta thelathini na tano. Hizo nyingine tisa ulilibeba kichwani?"

Nikacheka kwa hasira, halafu kicheko kikanikauka. Ile saa ni ya pikapu. Imezoea propela izunguke mara nne na kitu kwa kila mzunguko wa tairi, na inahesabu propela, haihesabu tairi. Kwenye gari langu propela inazunguka mara tatu na kitu. Gari linakwenda, saa inapunja! Nikamwomba mzee Burito karatasi. Kama maili arobaini na nne inazisoma thelathini na tano, basi ile thelathini na moja ya Kiriba ni ngapi? Mzee akapiga hesabu yeye, pole pole, akilowesha kalamu kwa ulimi. Thelathini na tisa.

Nilikaa chini pale getini, kwenye vumbi, na sare yangu nyeupe.

Stanislausi hakutaka kuamini karatasi ya karani. Nikamganda siku nne. Mwishowe tukapima upya barabara ya Bunda, galoni moja, tukihesabu mawe ya maili ya barabarani, saa tumeifunika na kitambaa. Gari lilipita jiwe la thelathini na tisa, likatambaa kidogo, likazima. Stanislausi akashuka akaligusa lile jiwe kwa mkono. "Nesi, gari ni lako," akasema. Nilitakiwa kufurahi. Nilimfikiria mtu aliye Rukuba.

Nikapanda mashua ya wavuvi. Nikamkuta ameketi juu ya gunia, injini ya mtumbwi imefunguliwa mbele yake, pembeni wanawake wanaanika furu, vile visamaki vya ziwani. Hakuwa amenizidi hata miaka mitano, na siku zote nilimsalimia juu juu. Siku hiyo nikasema, "Shikamoo, fundi."

Akainua kichwa kwa hofu. "Marahaba. Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu." Nikamweleza yote: kitabu cha Burito, saa, mawe. Nikamwambia nisamehe, nilikuchafua mbele za watu kwa kosa la saa. Alisikiliza akifuta vidole, kimoja kimoja, na safari hii sikuchemka.

"Saa ya pikapu," akasema. "Niliifunga kwa mikono hii. Difu nilihesabu, meno nilihesabu, ile sikuihesabu. Basi kosa ni langu nusu."

"Nusu nyingine ni ya nani?"

"Kiriba umeizunguka kwa baiskeli miaka mingapi?"

"Sita."

"Siku ile gari lilipozima penye zizi la Kwangu, saa ilisema thelathini na moja." Alinitazama bila hasira yoyote, na afadhali angekuwa nayo. "Miguu yako ilisema ngapi?"

Siku ile, gari lilipozima, kabla sijasoma namba yoyote, nililiona lile zizi nikajiambia moyoni: ala, leo tumefika mbali! Nilijua. Nikaiamini namba, nikatia sahihi, na yeye nikamwita tapeli.

"Ilisema arobaini, kaka," nikamwambia, na machozi yakanitoka. "Niliisikia."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Akaifunga ile injini ya mtumbwi mpaka nati ya mwisho, akaijaribu, akamkabidhi mwenyewe. Ndipo akachukua mfuko wake wa spana.

"Haya twende," akasema. "Leo Jumapili. Kesho unatakiwa Kiriba."